Sauti ya Susu Ilipofutwa

Ndinda hakumsalimia.

Alikuwa ametoka Kwa Vonza kukiwa bado giza, akabadilisha magari mpaka kiuno kikamuuma, na njia nzima alikuwa akijipangia maneno ya upole. Lakini Musembi alipotokea kwenye lango la kituo cha utafiti pale Kiboko, ovaroli yake imejaa vumbi la mtama, macho yake yale yale yakimtazama kana kwamba hakuna mtu mwingine duniani, maneno ya upole yalimkaukia mdomoni.

"Iko wapi?"

"Ndinda..."

"Sauti ya Susu wangu, Musembi. Iko wapi?"

Askari wa lango aliinua uso kutoka kwenye redio yake, akaona si mambo yake, akaongeza sauti ya redio. Musembi alimwongoza Ndinda hadi kwenye kivuli cha tangi la maji. Zamani angemshika mkono. Leo alitembea mbele, mikono mifukoni, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo.

"Nimekupigia mpaka nikakinai," Ndinda alisema. "Nikadhani umekufa. Halafu nikaomba uwe umekufa kweli, ili isiwe ni wewe uliyeninyamazia."

"Sina simu." Alitoa kabambe, kasimu kadogo ka vibonyezo kalikofungwa kwa mpira. "Niko na hii tu, na laini mpya. Ile nyingine iko na mama."

"Mwanamume mzima, simu imeshikwa na mama?"

Musembi aliinamisha kichwa. Ndinda alipomwona jinsi shingo yake ilivyokonda alitaka kuigusa, na hasira ikampanda zaidi kwa sababu alitaka kuigusa.

Mwezi uliokuwa ukiisha, wazee wa kina Musembi walikuwa wamefika Kwa Vonza na mbuzi wa ntheo, wale mbuzi ambao wakishapokelewa, binti amefungwa na hakuna mwingine wa kumposa. Kabla kamba hazijashikwa, mzee mmoja akauliza ukoo. Kina Musembi wakasema wao ni Aombe. Kina Ndinda wakasema wao ni Aombe. Na kwa Wakamba, watu wa ukoo mmoja ni ndugu. Hawaoani, hata kama mmoja ni wa Kitui na mwingine wa Makueni na hawajawahi kuchota maji mto mmoja.

Ndinda na Musembi walikuwa wakilijua swali hilo, na walilingoja bila hofu. Susu Kalunde, nyanya yake Ndinda, alikuwa amewapa jibu. Mumewe hakuzaliwa Aombe. Aliachwa kwenye boma la Aombe akiwa mtoto mdogo, mwaka wa njaa, na mama aliyekuwa akipita kwenda kutafuta chakula. Mama huyo alikuwa wa ukoo wa Atangwa, na hakurudi. Mtoto akakua pale, akapewa jina, akapewa shamba, watu wakasahau. Susu aliahidi kulisema mwenyewe siku ya mbuzi.

Mvua za Aprili zikaondoka naye.

Mzee aliyebaki akilijua jambo hilo ni mmoja tu, Kitonga, mwana mkubwa wa Susu. Ndiye aliyemlea Ndinda tangu baba yake afe, ndiye aliyeuza fahali ili asome diploma. Siku ile macho yote yalipomgeukia, Baba Mkubwa Kitonga alitazama ardhi, akasema, "Sisi ni Aombe. Warudishe mbuzi wao."

Ndinda alisikia hayo akiwa jikoni na wanawake, sufuria ya pilau mkononi. Mbuzi walipakiwa tena kwenye pikapu wakilia. Alichoomba, akapewa kwa shida, ni nafasi ya kusema wazee watakapokaa tena kulifunga neno hili. Wangekaa Jumamosi hii. Naye hakuogopa, kwa sababu Susu alikuwa amerekodiwa.

Ilikuwa kazi yake ya miaka, kazi ya mapenzi. Kila alipofunga duka la dawa za mifugo alikokuwa akiuza, alizunguka vijijini akirekodi wazee, akipiga picha makaburi na vyeti vya ubatizo. Musembi alikuja dukani kuleta mbegu, akamkuta akilia juu ya simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji, na ndivyo walivyojuana. Yeye ndiye aliyemfundisha kuweka kila kitu kwenye wingu, yaani mtandaoni. Akamfungulia folda kwenye akaunti yake mwenyewe, iliyokuwa na nafasi kubwa, wakaigawa kwa nyumba: ya babu, ya Susu, ya waliohamia Makueni. Hata Baba Mkubwa aliwekewa kwenye simu yake. Alikuwa akiandika kwa kidole kimoja, herufi kubwa tupu, chini ya picha za zamani: HUYU NI MIMI. HUYU NI NG'OMBE WETU.

Juzi Ndinda aliifungua ili kuitayarisha sauti ya Susu. Folda haikuwepo.

"Mama alinikalisha chini," Musembi alisema sasa. "Tuliporudi na mbuzi. Akasema nifute kila kitu chako mbele ya macho yake. Picha, meseji, namba. Alikuwa akilia, Ndinda. Anasema kulala na dada yako ni thavu, ni laana, watoto watakufa wakiwa wachanga. Nikafuta. Na ile folda nikafuta. Nilidhani nafuta kwa simu yangu tu. Nilidhani kwako imebaki."

"Imebaki wapi? Si ni wewe uliniambia nifute kwangu, simu imejaa, ati kila kitu kiko juu, kiko salama? Mimi nilikuwa nachungulia kwa dirisha la nyumba yako. Umebomoa nyumba, halafu unaniambia ulidhani dirisha limebaki!"

"Sikujua."

"Huu mtama wenu wa mbegu mnauweka kwenye maghala mangapi?"

Musembi aligeuza macho kuelekea maghala.

"Nakuuliza."

"Mawili hapa. Na mwingine unapelekwa Nairobi."

"Mtama una nyumba tatu," Ndinda alisema, na sauti yake ikavunjika. "Susu wangu ulimpa moja, na ukaichoma."

Musembi aliinua uso, na Ndinda akaona kitu kikiamka machoni mwake.

"Kuna pipa," alisema.

"Pipa gani?"

"La taka. Ukifuta kitu kwenye wingu hakiendi mara moja. Kinakaa kwenye pipa kama mwezi hivi, halafu ndio kinapotea kabisa."

"Mwezi huo unaisha lini?"

Alihesabu kwa vidole. Alihesabu tena. Akaanza kuvua ovaroli.

"Twende Kambu, kwa mama," alisema.

"Musembi!" askari wa lango alimwita walipompita mbio. "Umeomba ruhusa?"

"Mwambie msimamizi ninaumwa."

"Unaumwa wapi?"

"Kila mahali!"

*

Mama yake Musembi, Mbula, alikuwa na kibanda cha matikiti kando ya barabara kuu, mahali ambapo malori ya Mombasa husimama. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya pili ya lami. Walipofika alikuwa akigombana na dereva.

"Umelibonyeza mpaka limechoka! Hili ni tikiti, si tairi. Nunua ama ulirudishe lilale."

Kisha akamwona Ndinda nyuma ya mwanawe, na kisu chake kikabaki ndani ya tunda.

"Huyu amefuata nini?"

"Mwaitu," Ndinda alisema, akimwita mama kwa Kikamba, "nimekuja kwa heshima."

"Kama unaniita Mwaitu kwa kuwa wewe ni dada yake Musembi, karibu, kuna uji. Kama unaniita hivyo ukitaka kuwa mke wake, funga mdomo wako."

"Mama, mpe simu tu," Musembi alisema. "Dakika kidogo."

"Wewe nyamaza. Uliapa mbele yangu."

Ndinda alijikuta amepiga magoti kwenye changarawe, katikati ya maganda ya matikiti, dereva wa lori akitazama mdomo wazi. Musembi alitaka kumwinua.

"Niache!" alimwambia. Kisha akamtazama Mbula kutoka chini. "Usinipe Musembi. Kaa naye. Nipe Susu wangu. Tulipomzika sikulia sana, watu wakashangaa. Sikulia kwa sababu nilijua sauti yake ninayo. Nikasema siku nikiwa na mtoto nitamwekea asikie. Sasa amekufa mara ya pili, Mwaitu, na hii ya pili haina hata kaburi."

Lori lilipita na vumbi lake. Mbula alijifuta uso kwa upande wa leso, na haikujulikana kama ni vumbi.

"Mimi nilisema afute picha za msichana," alisema polepole. "Sikujua kuna mtu amezikwa humo ndani."

Alifungua fundo la leso kiunoni, akatoa simu. Ilikuwa imezima. Ikabidi wakimbilie kwa jirani anayechajia watu simu, wakasimama watatu juu yake kama wanaomtazama mgonjwa. Ilipowaka, mtandao ukasuasua. Kile kiduara kilizunguka, kikazunguka, na Ndinda alikuwa akiomba kwa Kikamba, Kiswahili na lugha nyingine isiyo na maneno.

Pipa likafunguka.

Kitu cha kwanza alichokiona humo ni uso wake mwenyewe. Ndinda akicheka nyuma ya kaunta ya duka. Ndinda akipima dawa ya kupe. Ndinda akitembea, mgongo tu, kapu mkononi, hajui kama anapigwa picha. Kidole cha Musembi kilipitisha picha baada ya picha na hazikuisha.

"Ulinipiga hizi lini?" alinong'ona.

"Kila nilipokuja."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Ati naogopa nikirudi Kiboko nitasahau vile unavyotembea?"

Waliangaliana, na kwa kitambo hicho kifupi hakukuwa na ukoo wala wazee. Mbula alikohoa. Wakashusha macho wote wawili kama watoto.

"Hii hapa," Musembi alisema. Folda. *Aombe wa Kwa Vonza*, jina ambalo Ndinda aliiandikia siku ya kwanza. Chini yake paliandikwa kwamba itafutwa kabisa kesho.

Alibonyeza kurejesha. Kisha akatafuta sauti ya Susu, akaiweka mikononi mwa Ndinda.

Kuku walilia kwanza. Halafu kikohozi. Halafu sauti nyembamba, yenye mzaha: "Hii kitu inanisikia? Mbona haisemi kitu?" Na kicheko cha Ndinda wa mwaka jana, aliyekuwa hana shida duniani. Ndinda wa leo aliziba mdomo kwa kiganja.

Susu alisimulia yote. Njaa, yule mama wa Atangwa aliyemfunga mwanawe kipande cha shuka ili amtambue akirudi, na mtoto aliyekaa njiani akimngoja mpaka akabebwa kwa nguvu. Mbula alisikiliza akiwa ameegemea nguzo. Kisha Susu akashusha sauti.

"Kitonga anajua. Nilimwambia siku tuliyomzika baba yake. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, 'Mwaitu, basi mimi nitazikwa wapi?' Nikakosa la kumjibu. Mpaka leo sijalipata. Zima hiyo kitu, mjukuu, kuku wanaingia kwa unga."

Sauti ikakatika.

"Umesikia, Mama?" Musembi alisema. Alikuwa akitetemeka. "Si ndugu yangu. Umesikia kwa masikio yako! Jumamosi wazee watasikia, na itakuwa imeisha."

Mbula hakumtazama yeye. Alimtazama Ndinda.

"Mimi nilikuwa na wangu," alisema. "Kabla ya baba yake Musembi. Wa ukoo wetu. Nikaambiwa niache, nikaacha siku hiyo hiyo, hata sikumuaga. Hakuna mtu aliyezunguka vijijini akiniulizia kama ni kweli." Alivuta pumzi. "Kwa hivyo sikukatazi tena. Lakini ukiicheza hiyo mbele ya wazee, swali la mzee Kitonga utalijibu wewe. Atazikwa wapi?"

Ndinda alikuwa amelisikia swali hilo kabla Mbula hajaliuliza. Shamba lile ni la ukoo. Kuna binamu waliokuwa wakilitazama siku zote, wakisubiri sababu. Siku wazee watakapoambiwa kwamba Kitonga ni mtoto wa mtu aliyeachwa njiani, sababu wataipata. Akilini alimwona Baba Mkubwa akimtoa yule fahali zizini, akimpapasa shingo, akijifanya hajali.

"Alitukataa mbele ya watu," Musembi alisema. "Alituuza, Ndinda."

"Aliogopa."

"Na sisi je? Sisi hatuogopi?"

Ndinda alichukua simu yake, akapiga namba.

"Baba Mkubwa. Nimeipata sauti."

"Ifute," Kitonga alisema.

"Siwezi."

"Mwanangu. Tangu uzaliwe nimekuomba kitu gani? Hebu taja kimoja. Nakuomba hiki tu. Ifute. Niko na miaka mingapi ya kuishi? Unataka nianze kuwa mgeni kwangu nikiwa na mvi?"

Alitaka kumwambia mengi. Kwamba anampenda Musembi mpaka kifua kinauma, kwamba akimwacha, miaka thelathini ijayo atakuwa ameegemea nguzo mahali fulani kama Mbula. Alichofanya ni kuchukua simu ya Musembi, akaiweka karibu na yake, na kubonyeza.

*Hii kitu inanisikia? Mbona haisemi kitu?*

Ng'ambo ya pili, pumzi ya mzee ilisimama.

"Huyo ni mwaitu?" aliuliza. Haikuwa sauti ya mzee. Ilikuwa ya mtoto.

"Ndiye."

"Anakohoa vile vile."

Simu ikakatika.

Ndinda alikaa juu ya kreti. Kisha akaomba simu ya Musembi, akaanza kubonyeza, pole kwa pole, jinsi alivyofundishwa. Nakala moja ya sauti aliiweka kwenye akaunti yake mwenyewe. Alipomaliza, Mbula alimsogezea simu yake ya kioo kilichopasuka bila kumwangalia.

"Na kwangu weka. Si mmesema mtama una nyumba tatu?"

Halafu Ndinda akafanya jambo la mwisho. Ile folda yenyewe alimfungulia Kitonga kwa ruhusa zote, ya kusikiliza, ya kubadilisha, hata ya kufuta. Akamwandikia: *Baba Mkubwa, Jumamosi sitasema neno. Hii ni sauti ya mama yako. Nimekupa. Ukitaka kusema, utasema wewe. Ukinyamaza, nitanyamaza nawe.*

Musembi alisoma juu ya bega lake.

"Umemkabidhi kisu na shingo zetu," alisema.

"Nimemkabidhi mama yake."

"Na akinyamaza?"

Ndinda alimtazama vizuri, paji la uso, nyusi, kovu dogo kidevuni, kama mtu anayefunga nyumba ambayo huenda asiirudie.

"Akinyamaza, utaoa, Musembi. Na mimi nitaomba usinialike."

Musembi aligeuka upande. Mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka. Hakumgusa, kwa kuwa walikuwa bado ndugu.

*

Gari la kurudi halikuja upesi. Jua lilianza kulegea juu ya lami, Mbula akaanza kufunika matikiti. Hao wawili walikaa kwenye benchi moja, katikati yao nafasi ya kutosha mtu wa tatu. Ndinda alikuwa amejizuia kuangalia simu. Akashindwa.

Aliitafuta folda. *Aombe wa Kwa Vonza.* Alipitisha kidole juu, akapitisha chini. Haikuwepo.

"Ameifuta," alisema.

"Nini?"

"Ameifuta, Musembi. Haipo. Amemfuta mama yake." Akainama hadi paji la uso likagusa magoti. "Nilidhani ataisikiliza. Nilidhani akisikia tu..."

Musembi alimnyang'anya simu. Aliangalia. Akaangalia tena, akaisogeza karibu na macho.

"Ndinda."

"Niache."

"Ndinda, inuka uone. Haijafutwa. Imebadilishwa jina."

Aliinua uso. Faili zote zilikuwepo, za babu, za Susu, za waliohamia. Lakini pale juu, mahali palipokuwa na jina alilolipa yeye, palikuwa na neno moja, limeandikwa kwa herufi kubwa tupu, kama mtu anayeandika kwa kidole kimoja:

ATANGWA

Na ndani, chini ya sauti ya Susu, palikuwa na maneno mengine ya herufi zile zile: HUYU NI MAMA YANGU. JUMAMOSI NITASEMA MIMI.

Ndinda alijaribu kuyasoma kwa sauti, akashindwa. Ndipo mkono wa Musembi ulipovuka ile nafasi ya mtu wa tatu. Ulikuwa na vumbi la mtama bado. Uliushika wake, ukaubana mpaka ukauma, na hakuuondoa.

"Nini tena?" Mbula alipaza sauti kutoka kwenye matikiti. "Nani amekufa?"

Musembi alimsomea. Mbula alikung'uta gunia, mgongo kwao, akaendelea kufunika.

"Wale mbuzi wako bado kwa boma," alisema. "Mmoja amezaa. Sasa sijui huyo mdogo tutamwacha vipi tukirudi nao Kwa Vonza, analilia mamake."

Hapo ndipo Ndinda alipolia. Hakulia kwa ajili ya mbuzi, wala kwa ajili ya harusi. Alimlilia mzee mmoja kule Kwa Vonza, amekaa peke yake na simu sikioni, akimsikiliza mama yake akikohoa.